Usiizime Taa, Litibu Gari

Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inapokaribia, gereji za Sumbawanga hujaa. Watu wanafika mapema wakiwa ndani ya makoti, na ombi lao ni lile lile: "Fundi, nifutie hii taa, kesho napeleka gari kukaguliwa." Fundi anachomeka mashine chini ya usukani, anabonyeza mara mbili tatu, taa ya injini inazimika. Mwenye gari anashukuru, analipa, anaondoka. Kabla hajafika Mpui, taa imewaka tena.

Nimelipia ufutaji wa namna hiyo zaidi ya mara moja, kwa hiyo naandika nikiwa najua uchungu wake. Taa ile inatoka kwenye kompyuta ya gari, na kompyuta hiyo iliwekwa kwa sababu ya moshi. Marekani iliyalazimisha magari madogo yote mapya kuwa na mfumo mmoja wa kujichunguza tangu mwaka 1996, wenye soketi ya matundu 16 karibu na goti la dereva. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani, ambako magari yetu mengi yanatoka, ina mfumo wake unaofanana na huo, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ukaguzi wa lazima kule unahusisha kuchomeka kifaa na kusoma kompyuta, kwa magari ya Kijapani ya matoleo mapya ya kuanzia Oktoba 2021. Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2025 kupima moshi wa magari kwa lazima.

Hapa kwetu mkaguzi bado anategemea zaidi macho na masikio: breki, taa, tairi, usukani, na bomba la moshi linatoa nini. Lakini moshi mchafu una chanzo, na mara nyingi kompyuta imekiona wiki kadhaa kabla yako. Ukiliandaa gari vizuri, moshi unajisafisha wenyewe, na matumizi ya mafuta yanapungua pia. Fuata haya.

1. Hakikisha taa yenyewe ni nzima

Washa swichi bila kupiga starta. Taa ya injini, ile yenye umbo la injini ya rangi ya njano, lazima iwake. Ukiwasha gari, lazima izimike. Isipowaka kabisa kwenye hatua ya kwanza, usifurahi. Huenda balbu imeungua, au mwenye gari wa kwanza aliitoa, au amebandika karatasi nyeusi nyuma ya dashibodi ili auze haraka. Katika nchi zinazokagua kwa kifaa, taa isiyowaka ni kosa sawa na taa isiyozima.

Ikiwa inapepesa huku gari linatetemeka, hilo ni jambo lingine na ni la haraka. Injini inamisi, petroli isiyoungua inaingia kwenye bomba la moshi na kuungulia humo. Punguza mwendo, egesha, tafuta fundi. Ukiendelea na safari unaweza kuyayeyusha masega, yale yanayosafisha gesi ndani ya bomba la moshi.

2. Soma na uandike kabla hujagusa kitu

Kila kosa lina namba yake: herufi moja na tarakimu nne. P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. P0300 ni kumisi kwa silinda zaidi ya moja. P0420 ni masega kutofanya kazi ipasavyo. Mwombe fundi akuonyeshe namba, uipige picha kwa simu. Fundi anayekwambia "ilikuwa sensa tu" bila kukuonyesha namba hajakwambia kitu.

Pia namba si jina la kipuri. P0171 imewafanya watu wengi wanunue sensa ya oksijeni, kumbe tatizo lilikuwa mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya eya klina. Sensa ilikuwa inasema ukweli, ikalipishwa faini kwa ajili yake. Fundi mzuri akiona namba hiyo atapitisha mikono kwenye mipira yote kwanza, atasikiliza kama kuna mlio wa hewa, ndipo azungumzie kununua.

Unaweza kununua kifaa kidogo cha Bluetooth ukasoma kwa simu yako. Vinasaidia sana, ila fahamu kwamba magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa ya miaka ya mwanzo ya 2000, yana soketi ile ile ya matundu 16 lakini yanazungumza lugha yake. Kifaa cha bei nafuu kitachomeka vizuri na hakitasoma chochote. Kwa gari la namna hiyo nenda kwa fundi umeme mwenye mashine inayoelewa magari ya Japani.

3. Usifute siku ya mwisho, wala usitoe taminali ya betri

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kompyuta ya gari haihifadhi makosa peke yake. Ina orodha ya majaribio inayoyafanya yenyewe gari likiwa barabarani: inajaribu masega, sensa za oksijeni na vipasha joto vyake, mfumo wa kurudisha moshi ndani ya injini, na kwenye baadhi ya magari mfumo wa mvuke wa tenki. Kila jaribio likikamilika, linawekewa alama ya tayari. Fundi akifuta namba ya kosa, alama za majaribio hayo nazo zinafutika. Ukitoa taminali ya betri usiku kucha, magari mengi yanapoteza kumbukumbu hiyo hiyo.

Kwa hiyo mkaguzi mwenye kifaa, kama wa nchi nilizozitaja, akichomeka asubuhi, anakuta gari lisilo na kosa hata moja na lisilo na jaribio hata moja lililokamilika. Ni kama mwanafunzi aliyerudisha karatasi nyeupe: hajakosea swali lolote kwa sababu hajajibu lolote. Mwongozo wa serikali ya Marekani unaruhusu jaribio moja tu liwe halijakamilika kwa gari la mwaka 2001 na kuendelea, na mawili kwa magari ya 1996 hadi 2000. Zaidi ya hapo unarudishwa nyumbani. Na kuanzia matoleo ya takriban mwaka 2010, magari ya soko hilo yana namba za kosa za kudumu ambazo mashine ya fundi haiwezi kuzifuta. Kompyuta ndiyo inayozifuta ikiridhika yenyewe.

Njia ya kweli ni kutengeneza na kuendesha. Kosa likishaondoka, kwa kawaida taa huzimika yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo kompyuta imejaribu na kukuta pako sawa. Ukitaka kufuta ili uone kama matengenezo yameshika, futa, lakini iwe wiki mbili kabla ya ukaguzi.

Ujuzi huu unasaidia pia unaponunua gari la mkononi. Mashine nyingi zinaweza kusoma umbali uliotembea gari tangu kumbukumbu ifutwe. Muuzaji anakuhakikishia gari halijawahi kuwasha taa, wewe unakuta limetembea kilomita 4 tangu lifutwe. Hapo mshukuru, umuage, uondoke.

4. Rudisha thamostati yako

Nikiulizwa kidokezo kimoja cha mtu wa uwanda wetu huu wa Ufipa, nitatoa hiki. Mafundi wetu wengi wamezoea kuitoa thamostati. Gari likichemka mara moja, wanaing'oa na kuitupa, wakisema ni kitu cha nchi za baridi. Huenda Dar es Salaam gari likavumilia. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huku zinamfanya mtu ashike usukani kwa vidole vilivyofichwa ndani ya mikono ya koti. Hii nayo ni nchi ya baridi.

Bila thamostati, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Injini inayotakiwa kufika nyuzi 80 hadi 95 inabaki chini, hasa ukiwa kwenye mwendo na upepo wa uwanda unapuliza rejeta. Kompyuta inaamini kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kuongeza petroli, na masega hayapati joto la kutosha. Majaribio mengi hayaanzi kabisa mpaka injini ipate moto unaotakiwa. Unaweza kuendesha kilomita 200 na orodha ikabaki tupu. Mwisho wake mafuta yanakwisha haraka, plagi zinakuwa nyeusi, na moshi unanuka petroli.

Dalili ni rahisi: umeendesha dakika 20 na mshale wa joto bado uko chini, au hita inatoa hewa ya uvuguvugu tu. Nunua thamostati ya kipimo kilichoandikwa kwa injini yako, maji ya rejeta yawe na kuulanti sahihi, na kama gari lilikuwa linachemka, tafuta sababu ya kuchemka: rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji au mfuniko wa rejeta. Aliyekutolea thamostati alikuondolea dalili, ugonjwa akakuachia.

5. Masega si chuma chakavu

Kile chombo kinachovimba kwenye bomba la moshi kina masega ndani yake, yaliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo ndiyo yanayobadilisha gesi zenye sumu kuwa gesi nyepesi zaidi kwa mapafu, na ndiyo yanayowafanya watu wapite mitaani wakitangaza kununua masega. Unauza, unapata hela ya wiki moja. Gari linabaki na bomba tupu, mlio wa ajabu, na harufu kali inayoingia mpaka kwa watoto waliokaa nyuma.

Kompyuta inalitambua hilo. Ina sensa moja ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada yake. Masega yakiwa mazima, sensa ya nyuma inasoma kwa utulivu. Yakiwa hayapo, sensa zote mbili zinapanda na kushuka sawasawa, na P0420 inakuja. Baadhi ya mafundi wanaweka kipande cha chuma kinachoiweka sensa ya nyuma mbali na moshi ili idanganyike. Usikubali. Sensa itanyamaza, lakini sumu itabaki pale pale hewani, na wanaoivuta ni watu wa stendi na wauza mahindi ya kuchoma kando ya barabara.

Kabla hujahukumu kwamba masega yamekufa, tafuta kilichoyaua. Mara nyingi ni injini iliyokuwa inamisi au inayokula oili. Ukiweka masega mapya kwenye injini ile ile, utayazika nayo.

6. Vitu vidogo vya siku moja

Mfuniko wa tenki ufunge mpaka ulie, na mpira wake usiwe umepasuka. Kitambaa au mfuko wa nailoni si mfuniko. Eya klina ifunguliwe: kiangazi cha huku, vumbi la njia za mashambani linaijaza upesi kuliko ratiba ya kitabu inavyosema. Plagi ziwe za aina moja zote. Oili ibadilishwe. Betri iwe na nguvu, kwa sababu umeme ukishuka sana wakati wa kupiga starta, kompyuta inaweza kuandika makosa ambayo hayapo.

7. Tenki lisiwe tupu, lisijae

Siku utakazoendesha kwa ajili ya majaribio, weka mafuta kati ya robo na robo tatu. Magari yanayopima mvuke wa tenki hayafanyi jaribio hilo tenki likiwa karibu tupu au limejaa mpaka shingoni.

Nunua kwenye sheli unayoiamini na udai risiti. Petroli ya Sumbawanga inayotoka Dar es Salaam imesafiri zaidi ya kilomita 1,100, na njiani kuna mikono mingi. Wenye kumbukumbu hawajasahau miaka ya uchakachuaji, mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli na petroli, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ikaanzisha uwekaji wa vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010. Habari njema ni kwamba petroli yenye risasi, iliyokuwa inaua masega moja kwa moja, iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, na tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni.

8. Safari ya asubuhi kuelekea Laela

Vitabu vya kigeni vinaeleza safari ya majaribio kwa barabara kubwa za njia sita. Sisi tunayo barabara ya lami ya kwenda Tunduma, na kwa kazi hii inafaa vizuri sana. Kutoka Sumbawanga mjini hadi Laela ni karibu kilomita 95, lakini huhitaji kufika huko.

Gari lilale nje au bandani usiku mzima bila kuwashwa. Asubuhi liwashe, liache sailensi dakika mbili au tatu, ukiwa umewasha taa na feni. Baridi yetu ni msaada hapa, maana majaribio mengi yanataka injini ianze ikiwa imepoa kabisa. Kisha zunguka mjini dakika kumi, ukisimama na kuondoka kama kawaida.

Ukitoka nje ya mji, tafuta kipande kilichonyooka kisicho na makazi, ushike kilomita 80 kwa saa na mguu usichezecheze kwenye pedali. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Kwenye vijiji rudi 50 kama kibao kinavyosema. Tochi ya trafiki haijui kwamba unafanya majaribio, na watoto wanaovuka kwenda shule hawajui pia. Barabara ikiwa wazi mbele na nyuma, achia pedali ya mafuta bila kukanyaga breki, gari lishuke lenyewe likiwa kwenye gia mpaka karibu 30, kisha lipandishe taratibu. Rudia mara tatu. Geuka, rudi mjini, liache sailensi dakika mbili kabla ya kuzima.

Soma kwa mashine. Ukikuta majaribio mawili bado, usihangaike, rudia kesho asubuhi. Magari mengine yanahitaji siku tatu au nne. Kila kampuni ina masharti yake, na kitabu cha gari lako kikiwepo, kifuate hicho kuliko mimi.

Kuna wanaoogopa kwamba mwinuko wetu utazuia majaribio. Hewa ya hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na ndiyo maana gari lisilo na tabo linaonekana zito huku. Lakini gari la EFI, yaani lenye noseli zinazoongozwa na kompyuta, linapima hewa linayovuta na kupunguza petroli ipasavyo. Kanuni za Marekani zinaruhusu baadhi ya majaribio kusitishwa juu ya takriban mita 2,400. Labda uende kuendeshea kwenye vilele vya milima ya Mbizi, mjini uko salama.

9. Usiteremke bila gia

Kutoka uwandani kwenda Muze kwenye bonde la Ziwa Rukwa, au kwenda Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, unashuka takriban mita 1,000. Madereva wengi wanatoa gia ili kuokoa mafuta. Kwa gari la EFI ni kinyume. Ukiwa kwenye gia na mguu umeachia pedali, kompyuta inafunga noseli kabisa, petroli haitumiki hata tone. Ukitoa gia, injini inarudi sailensi na inaanza kunywa tena. Isitoshe, mteremko wa gia ni nafasi ambayo baadhi ya magari huitumia kujaribu sensa za oksijeni, kwa sababu bomba linapitisha hewa safi tupu.

Na breki zako zitakushukuru. Zile kona za Muze zimeshuhudia breki nyingi zikitoa moshi wake zenyewe.

10. Wenye dizeli za zamani

Land Cruiser yenye pampu ya kimakanika haina soketi ya kuchomeka, kwa hiyo mengi ya hapo juu hayakuhusu. Kwako kipimo ni rangi ya moshi. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na pampu iliyosetiwa pwani bila kidhibiti cha mwinuko inazidisha dizeli huku juu. Peleka noseli zikapimwe, pampu isetiwe hapa hapa, safisha eya klina. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha injini ikishapata moto ni maji au dizeli isiyoungua.

 

11. Siku yenyewe

Usiliwashe gari ukalisukuma mita mia mbili hadi kituoni likiwa bado la baridi. Masega yanaanza kazi vizuri yakifika karibu nyuzi 300, na gari la baridi litatoa moshi mchafu hata likiwa zima kabisa. Endesha dakika 20, ufike injini ikiwa moto, na foleni ikiwa fupi usizime. Beba risiti za vipuri ulivyobadilisha na ile picha ya namba ya kosa uliyoipiga mwanzo. Mkaguzi akiuliza kwa nini taa iliwaka mwezi jana, mwonyeshe.